Maskani ya Mwenye Eda

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya magharibi, alinijia mwanamke wa makamo akiongozana na kaka yake, amefunga katika pembe ya kanga karatasi iliyokunjwa mara nne, na nyuma yao amesimama kijana wa mkokoteni mwenye masanduku mawili na cherehani. Shikamoo ilipokwisha kuitikiwa, na maji ya kunywa yalipokwisha kuletwa, alifungua ile pembe ya kanga akanipa karatasi niisome. Ilikuwa talaka moja, imeandikwa kwa mwandiko mzuri na kutiwa sahihi na mashahidi wawili, na tarehe yake ilikuwa ya asubuhi ile ile. Kaka mtu alikuwa amekwisha kujipangia maswali: mahari iliyobaki italipwa lini, watoto watakaa kwa nani, na ile nyumba ya Magomeni, waliyoijenga kwa miaka kumi na mmoja, itagawanywaje. Mimi nilikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, nani aliyekutoa nyumbani?"

"Hakunitoa mtu, baba. Nimeachwa, nikae kwa nani tena?"

Jawabu hilo nimelisikia mara nyingi mno katika uwakili wangu na katika kukaa kwangu kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa wake na kwa waume, kwa waliosoma na wasiosoma, hata nimeona haya kuendelea kulijibu kwa mtu mmoja mmoja faraghani ilhali lastahili kujibiwa hadharani. Katika ada zetu za pwani, talaka na njia ya kwao vimekuwa kitu kimoja: mwanamke apewapo karatasi yake hukusanya nguo, akaita mkokoteni au gari, na kabla jua halijachwa amekwisha rudi kwa wazee wake, na akikawia hata siku mbili majirani huanza kuulizana kama hana kwao. Ada hii imekaa kwetu kwa muda mrefu hata watu wengi huidhani kuwa ndiyo sheria. Sivyo, na wala haikubaliani na sheria mbili zinazowatawala waume na wake wengi wa nchi hii, yaani sheria ya dini na sheria ya serikali.

Tuanze na ya dini. Sura ya 65 ya Kurani, ambayo yenyewe yaitwa sura ya Talaka, katika aya yake ya kwanza yawakataza waume kuwatoa wake waliowaacha, na papo hapo yawakataza wake hao kutoka, isipokuwa limetendeka jambo la ufahisha ulio wazi. Mafakihi wameizingatia sana lugha ya aya hiyo, kwani nyumba zile, ambazo aghalabu ni mali ya mume, zimetajwa humo kuwa ni nyumba za wake. Haina maana kwamba hati imebadilika jina. Maana yake ni kuwa kwa muda ule wa eda haki ya kukaa ni ya mwanamke, naye mume, ajapokuwa ndiye aliyenunua kila tofali, hana idhini ya kuitangua. Mwisho wa aya hiyo watajwa pia muradi wake, kwamba huenda Mwenyezi Mungu akazusha jambo jingine baada ya hayo yaliyopita. Na wafasiri wengi wamelifahamu jambo hilo kuwa ni majuto na kurejeana.

Eda, kwa ajili ya wasomaji wasioifahamu, ni muda wa kungoja. Mwanamke mwenye kupata hedhi hungoja tohara tatu, kwa hesabu ya madhehebu ya Imamu Shafii inayofuatwa na wengi katika pwani yetu, na kwa hesabu ya Wahanafi ni hedhi tatu. Asiyepata hedhi hungoja miezi mitatu. Mwenye mimba hungoja hata ajifungue. Aliyeachwa kabla hajaingiliwa hana eda. Ya mjane, miezi minne na siku kumi, ni mlango mwingine kabisa, nami siugusi leo. Ikiwa talaka ni ya kwanza au ya pili, mume aweza kumrejea mkewe wakati wowote eda haijakwisha, bila mahari mpya wala ndoa mpya; na katika muda huo huo mke hustahiki masurufu na maskani kama alivyostahiki jana yake, na mmoja wao akifa, mwenziwe hurithi. Kwa sababu hiyo mafakihi husema kuwa mwenye eda ya rejea ana hukumu ya mke. Fauka ya hayo, talaka zikitamkwa tatu kwa pamoja, kama wafanyavyo watu wengi wakiwa na ghadhabu, Mashafii huzihesabu tatu, na mlango wa kurejea hufungwa hapo hapo. Nchi ya Misri ilitunga sheria mwaka 1929 ya kuzihesabu talaka za namna hiyo kuwa ni moja, lakini sisi hatukuifuata njia hiyo, na mume mwenye hasira za haraka hulipia hasira zake.

Sasa tufike mahali penye uzito. Mwenye eda ya rejea ana hukumu ya mke katika masurufu na urithi, lakini katika madhehebu ya Shafii hana hukumu ya mke katika faragha: mume hana ruhusa ya kustarehe naye wala kukaa naye peke yao mpaka amrejee, na kurejea kwao ni kwa kutamka, si kwa kitendo. Wahanafi, ambao wengi wao hapa kwetu ni watu wenye asili ya Bara Hindi, wana msimamo mwingine. Kwao kitendo chatosha kuwa marejeo, na wengi wao huona ni vyema mwanamke ajipambe ili moyo wa mume ulainike. Kwa Shafii, basi, swali huwa gumu kweli kweli: watu wawili ambao hadi jana walilala kitanda kimoja, leo wanaamrishwa wakae nyumba moja na wakati huo huo wanakatazwa wasikae peke yao. Yawezekanaje?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake *Minhaj* kimesomeshwa misikitini kwetu kwa vizazi na vizazi, alilijibu swali hilo kwa namna ambayo mimi, kila nikiisoma, huona kana kwamba alipata kuingia katika nyumba za Kiswahili akazipima kwa hatua. Asema, kwa muhtasari na kwa maneno yangu, kwamba ikiwa ndani ya nyumba yumo maharimu wa mke (yaani jamaa aliyeharamishiwa kuoana naye) aliye mwanamume mwenye akili za kupambanua, au maharimu wa mume aliye mwanamke, au mke mwingine, basi hakuna ubaya wakae humo. Na ikiwa kila mmoja ana chumba chake, hutazamwa vyombo vya matumizi: kama jiko na choo ni vya shirika, huyo maharimu hana budi kuwapo, kama kila upande una jiko lake na choo chake, haja ya maharimu huondoka, bali mlango wa baina yao ufungwe, na njia ya mmoja isiwe ndani ya makazi ya mwenziwe.

Tazama basi nyumba yetu ya vyumba sita, ile iliyojaza Kariakoo, Ilala na Magomeni: baraza mbele, ukumbi katikati kama njia, vyumba vitatu kuumeni na vitatu kushotoni, na nyuma ya yote ua wenye jiko na choo. Vyumba ni vingi, lakini ukumbi ni mmoja na choo ni kimoja. Aendaye kuoga alfajiri hana njia ila kupita mlangoni pa mwenziwe. Kwa hiyo katika nyumba ya namna hii, hukumu ni kwamba aletwe mtu. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kukisoma kitabu, ndipo ukasikia kwamba fulani alipomwacha mkewe, dada yake mume alihamia pale kwa miezi mitatu "kumtazamia watoto". Watoto hawakuwa na haja ya kutazamiwa. Wenye haja walikuwa wakubwa. Jambo hili silitaji kwa dhihaka, kwani wifi mwenye busara ndani ya nyumba ya eda hufanya kazi ambayo baraza zima la usuluhishi halina nafasi ya kuifanya: huona nani ameanza kusema na nani, nani ameacha kula, na lini inafaa kuachia chai ipoe mezani bila kuitia neno.

Je, wenye chumba kimoja cha kupanga? Hapa watu hudhani kuwa dharura yamtoa mke, kumbe dharura yamtoa mume. Maskani ni haki ya mwenye eda juu yake, naye ndiye atafutaye mahali pengine, kwa ndugu au kwa rafiki, huku akiendelea kulipa kodi ya kile chumba. Lamu, ambako familia nyingi za kale huwapa mabinti zao nyumba waolewapo, jambo hujigeuza: nyumba ni ya mke, mume ndiye mgeni. Hata huko sheria haikunyamaza, kwani mwanamke akipenda kukaa eda yake katika nyumba yake mwenyewe, ana haki ya kumdai mume ujira wa makazi ya muda huo. Nimepata kulitaja hili mbele ya wanaume kadhaa, na sijaona bado hata mmoja aliyelipokea kwa tabasamu.

Ya serikali sasa, na hii huwahusu wote, Waislamu na Wakristo na wasio na dini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haiitambui ndoa kuwa imevunjika kwa karatasi ya mume peke yake. Mashauri ya ndoa hupelekwa kwanza mbele ya baraza la usuluhishi, liwe la kata au la jumuiya ya dini, na baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati ya kuthibitisha kushindwa kwake. Hati hiyo ndiyo ufunguo wa mlango wa mahakama, isipokuwa kwa sababu maalumu ambazo sheria yenyewe imezitaja. Kwa ndoa iliyofungwa kwa Kiislamu, baraza likithibitisha kuwa limeshindwa, kisha mmoja wao akatenda tendo ambalo kwa sharia huvunja ndoa, mahakama hutoa amri ya talaka. Muda wote kabla ya amri hiyo, mbele ya serikali hao ni mume na mke, wenye wajibu wa mume na mke, na mahakama yaweza kuamuru matunzo hata shauri likiwa bado lasikilizwa.

Na nyumba? Sheria hiyo hiyo yamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ya ridhaa ya mwenziwe maadamu ndoa ingalipo; na akiiuza kwa siri, mnunuzi aliyekuwa na habari huipokea ikiwa na mzigo wa haki ya yule mwenzi kuendelea kukaa humo hata ndoa ivunjwe au mahakama iamuru vinginevyo. Mwenye hofu aweza kuweka zuio kwa msajili wa hati, kazi isiyohitaji ujasiri mkubwa wala fedha nyingi, nayo imeokoa nyumba nyingi kuliko hotuba zote nilizozisikia kwenye mabaraza. Jirani zetu wa Kenya walilisema jambo hili kwa uwazi zaidi katika sheria yao ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, kwamba mwenzi hafukuzwi katika nyumba ya ndoa kwa amri ya mwenziwe ndoa ingalipo, ila kwa amri ya mahakama.

Hapo ndipo panapotokea mkanganyo ambao mafakihi wa kale hawakuuona na watunga sheria wa 1971 hawakuutatua. Saa ni mbili. Saa ya eda hupiga kwa miezi mitatu, saa ya mahakama hupiga kwa miaka. Mwanamke wa Magomeni, tuseme, eda yake itakwisha mwezi wa Dhulkaada, na tangu siku ile mume wake kwa sharia ni mtu mbali, haimkiniki kurejeana ila kwa ndoa mpya. Lakini mahakamani shauri lake huenda bado halijapangiwa tarehe, nyumba bado ni ya ndoa, na haki yake ya kukaa bado ipo. Wapo watu wa namna hii walioishi nyumba moja miaka miwili, wakipishana ukumbini kama wapangaji wasiojuana. Rai yangu, na ni rai ya wakili si fatwa ya sheikh, ni kwamba eda ikwishapo bila rejea, lile sharti la maharimu au la kutenganisha jiko na choo lazidi kuwa zito, lisipungue. Na kama uwezo upo, heri mmoja atoke kwa maandishi, yaani kwa hati iliyotiwa sahihi mbele ya baraza au wakili isemayo kwamba ametoka kwa heshima ya sharia, hakuikimbia ndoa wala hakuiachia haki yake katika mali. Nasisitiza maandishi kwa kuwa sheria huhesabu kumtelekeza mwenzi kwa hiari kwa miaka mitatu kuwa ni ushahidi wa ndoa kuvunjika, nami nimeona mtu aliyetoka kwa staha akiitwa mahakamani mtoro.

Yako mambo ya siku kwa siku ambayo hayamo katika kitabu wala katika sheria, na humo ndimo watu wengi huangukia. Chakula ndicho cha kwanza. Mke apikapo, je, ampakulie? Nimeshuhudia mabaraza yakibishana saa nzima juu ya sahani ya wali. Ushauri wangu huwa kwamba chakula cha watoto kipikwe, mume atoe fedha yake kama kawaida kwa kuwa masurufu ni wajibu wake, na sahani yake ifunikwe mezani bila kuitwa wala kungojewa; akila amekula. Simu za mkononi zina dhara kubwa kuliko sahani, kwani talaka nyingi za pili na za tatu za zama hizi huandikwa usiku wa manane kutoka chumba cha kulia kwenda chumba cha kushoto, na asubuhi wenye nyumba huamka wakiwa hawana tena cha kurejea. Atakaye kusema neno zito na aliseme mchana, mbele ya mtu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja na risiti za saruji na mabati vitolewe nakala mapema, kila mmoja awe nazo, kabla hazijaanza kupotea, nazo hupotea.

Risiti hizo zina maana kwa sababu mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja. Hadi mwaka 1983 palikuwa na ikhtilafu kubwa kama kazi za ndani, kupika, kufua, kulea, ni mchango au si mchango. Ndipo Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ikaamua kuwa ni mchango. Yule mama aliyeleta rufaa hakufaulu yeye mwenyewe, lakini wanawake wasiohesabika waliokuja baada yake wamefaulu kwa ajili yake.

Juu ya watoto nitasema machache, maana mengi nimeyasema katika makala zilizopita. Mtoto wa miaka sita huijua talaka kabla hajaambiwa, kwa kuwa huhesabu viatu mlangoni. Asitumwe kupeleka maneno chumba hadi chumba. Hilo pekee, likishikwa, hupunguza nusu ya vilio nivisikiavyo.

Na hapana budi niseme waziwazi kwamba amri ya kukaa si mnyororo. Katika masimulizi ya Hadithi yumo bibi Fatma binti Qays, aliyeachwa talaka ya mwisho akamalizia eda yake katika nyumba ya Ibn Umm Maktum, kipofu. Na bibi Aisha alieleza sababu yake, kwamba makazi yale ya kwanza yalikuwa upweke wa kuogofya. Mafakihi wakachukua humo kwamba mwenye kuhofia nafsi yake au mali yake ana ruhusa ya kuhama. Sheria ya 1971 nayo imetamka kuwa hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Kwa hivyo aliyeinuliwa mkono, au aliyeoneshwa kisu, asimtafute wakili wala sheikh kwanza. Aende kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, alale kwa ndugu usiku huo huo, na mambo ya maskani atayadai akiwa hai.

Yule mama wa Magomeni hakuwa na hofu hiyo. Mumewe alikuwa mtu wa maneno mengi na mkono mpole. Nilimwambia kaka yake arudishe mkokoteni, akanitazama kana kwamba nimemtukana, na ikabidi nimsomee ile aya na ule ukurasa wa *Minhaj* mpaka isha ikaadhiniwa. Walirudi usiku ule. Dada yake mume, mjane asiye na shughuli nyingi, alihamia kesho yake na kitanda chake cha kamba, akakiweka ukumbini katikati ya milango miwili.

Eda ilikwisha bila rejea. Hawakupatana, na sidhani kama walijaribu sana. Lakini katika muda ule waliketi mara nne mbele ya wifi mtu wakaandika kila kilichomo ndani ya nyumba, kuanzia hati ya kiwanja hadi mbuzi wa nazi, na waliyoyaandika ndiyo tuliyoyapeleka mahakamani baadaye bila ya kubadili hata mstari. Siku ya mama yule kuondoka, mume mwenyewe ndiye aliyekwenda kutafuta gari. Masanduku yalibebwa na vijana wa mtaani. Cherehani, kwa kuwa lilikuwa zito na mguu wake mmoja ulikuwa umelegea, alilibeba yeye hadi barabarani, akauliza kama sindano zake zimetiwa ndani.